Timu mbovu ipande au ishuke kwenye drafti? Tubishane kwa hesabu

Mzee wa Raundi ya Tatu
Wakuu, kila Aprili wimbo ni uleule. Kwenye drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, timu huchagua vijana wapya kwa zamu, raundi saba, mbovu ikitangulia, na zamu hizo huuzwa na kubadilishwa. Timu iliyoburuza mkia inaweka rehani machaguo ya miaka mitatu ili ipande nafasi chache ikamchukue kwotabeki, yule mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi. Nasema ni ujinga, na hesabu ninazo.

Chukueni jedwali la Jimmy Johnson, kocha wa Dallas, la mwanzoni mwa miaka ya 1990, lenye thamani ya kila chaguo kwa pointi. Chaguo namba 1 ni pointi 3,000. Namba 2 ni 2,600, namba 10 ni 1,300, namba 16 ni 1,000, namba 32 ni 590. Yaani kijana mmoja wa namba 1 anabadilishwa kwa vijana watano wa namba 32. Nani anaamini hilo? Massey na Thaler (Thaler huyuhuyu wa Nobeli ya uchumi ya 2017) walichukua wachezaji wa nafasi moja uwanjani waliofuatana kwenye drafti, wakakuta kwamba uwezekano wa aliyetangulia kuwa bora kuliko aliyemfuata unazidi kidogo tu kurusha shilingi. Kama ni shilingi, basi irushe mara nyingi kuliko wenzako. Shuka, kusanya machaguo.

49ers wa San Francisco mwaka 2021 walitoa namba 12, raundi ya kwanza ya 2022, raundi ya kwanza ya 2023 na raundi ya tatu juu yake, wapate namba 3, wamchukue Trey Lance. Mwaka uliofuata wakaokota Brock Purdy namba 262, wa mwisho kabisa kwenye orodha. Nani kati yao aliwafikisha Super Bowl, fainali ya ubingwa?

Na hao vijana kabla ya drafti wanaitwa Indianapolis kwenye vipimo vya ligi, wanavuliwa mashati, wanapimwa mikono na viganja kama ng'ombe wa mnada wa Pugu, halafu mabosi wanarudi nyumbani na bado wanakosea.

Kifimbo Cheza
Purdy tena. Mtu akiokota noti barabarani mnamwita mwekezaji.

Mkuu, na hiyo Super Bowl alifungwa na nani? Mahomes. Mahomes alipatikanaje? Kansas City 2017 walikuwa namba 27. Wakawapa Buffalo namba 27, namba 91 na raundi ya kwanza ya 2018, wakapanda hadi namba 10. Tumia jedwali lako: 680 na 136, na lile la mwaka uliofuata likaangukia namba 22, pointi 780. Jumla 1,596 kwa kitu cha 1,300. Walipigwa pointi 296! Naomba na timu yangu ipigwe hivyohivyo.

Buffalo waliouza walijifunza. Mwaka 2018 walipeleka Tampa Bay namba 12, 53 na 56 wapate namba 7, wakamchukua kwotabeki Josh Allen. 1,910 kwa 1,500. Jedwali linasema ni hasara. Uwanja umesema nini?

Bi Mkavu
Samahani, tumelipita hilo la ng'ombe kama vile halijasemwa?

Vijana wengi wanaopimwa pale ni weusi, mabosi wengi wanaokaa jukwaani na saa za kupimia ni weupe, na mtu wa pwani hii, pwani yenye historia yake ya soko la watu, anakuja na mfano wa mnada. Ungechagua mfano mwingine wowote, kaka.

Mzee wa Raundi ya Tatu
Dada yangu, mfano ule ni wa kuwalaumu hao wapimaji. Soma tena.

Bi Mkavu
Nimesoma. Aliyeitwa ng'ombe siyo mpimaji.

Daktari wa Benchi
Nyote mnazungumzia fulana na saa, wakati kazi yenyewe ya Indianapolis ni hospitali. Vijana zaidi ya 300 wanaalikwa, na kinachozitoa timu 32 huko zitokako ni kwamba madaktari wao wote wanamwona mchezaji mmoja mahali pamoja: picha za goti, bega, mgongo, moyo. Star Lotulelei mwaka 2013 alizuiwa kufanya mazoezi pale kwa sababu kipimo cha moyo kilileta shaka. Akapimwa tena, akaonekana sawa, akachaguliwa namba 14. Huo siyo mnada.

Mbio za yadi 40 (mita 36.6) ni za televisheni zaidi. Skauti anayejua kazi anatazama yadi 10 za mwanzo, kwa sababu mlinzi mnene wa mstari wa mbele hatakimbia yadi 40 maisha yake yote uwanjani isipokuwa nyumba inaungua. Urefu wa mkono kwa walinzi wa pembeni wa kwotabeki una maana: ukiwa chini ya inchi 33 anayekushambulia anakugusa kifua kabla hujamgusa, na umekwisha. Kunyanyua kilo 102 mara nyingi uwezavyo kunapima zaidi kama kijana alikwenda jimu. Orlando Brown mdogo, 2018, alikimbia kwa sekunde 5.85 na kunyanyua mara 14 tu. Akaporomoka hadi raundi ya tatu, Baltimore wakamzoa. Baadaye akavaa pete ya ubingwa akiwa Kansas City.

Shabiki wa Buza
Na viganja je? Kenny Pickett alikutwa na kiganja cha inchi 8 na nusu watu wakacheka wiki nzima, kisha akachaguliwa namba 20. Kwa hiyo walipima ili iweje?

Daktari wa Benchi
Mpira ukilowa mvua, kiganja kidogo kinauachia. Ila Joe Burrow ana inchi 9 kamili na alikuwa namba 1. Kipimo kinaongeza swali kwenye faili, hakifungi faili.

Kifimbo Cheza
Aliyeongoza kwa mbio 2017 ni John Ross, sekunde 4.22. Cincinnati wakamchukua namba 9. Namba 10 nimeshawatajia hapo juu. Naliacha hapo.

Mjukuu wa Likoni
Ndugu zangu, mnabishana kama kwamba bei ya chaguo haijabadilika. Mwaka 2010 Sam Bradford, namba 1, alipewa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika. Mwaka 2011 ukaja utaratibu mpya wa mishahara ya chipukizi, na Cam Newton, namba 1 vilevile, akapata miaka 4 kwa kama milioni 22. Hesabu za Thaler zilipigwa kwa takwimu za kabla ya hapo, wakati chaguo la juu lilikuwa mzigo shingoni. Leo kwotabeki wa namba 1 akikosea unapoteza muda kuliko pesa, na akipatia una miaka mitatu ambayo hata ukitaka kumwongeza mshahara sheria inakukataza.

Hapo ndipo ubingwa unapojengwa. Ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuizidi, mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2 kwa timu. Purdy msimu wa 2023 alikula chini ya milioni 1 ya ukomo, hivyo zilizobaki zote zilikwenda kwa wengine 52. Mwaka 2025 kasaini miaka 5 kwa milioni 265. Ni mtu yuleyule, ila timu haiwezi kuwa ileile. Seattle walibeba kombe la msimu wa 2013 kwa mtindo huo: Russell Wilson raundi ya tatu, Richard Sherman raundi ya tano, mishahara ya chipukizi.

Halafu Lamar Jackson, namba 32, 2018. Mnadhani Baltimore walikuwa na haraka gani kupanda kutoka 52 wakati ingewezekana kusubiri raundi ya pili ianze? Mchezaji wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kumwongezea mwaka wa tano wa mkataba. Namba 33 hana. Kwa kwotabeki, huo mwaka mmoja unalipa gharama yote ya kupanda.

Mzee wa Raundi ya Tatu
Kifimbo, "okota noti barabarani" umeisema kwa dharau. Tom Brady naye aliokotwa? Raundi ya saba yule.

Shabiki wa Buza
Ya sita, mzee. Namba 199, mwaka 2000.

Mzee wa Raundi ya Tatu
Ya sita, sawa. Hoja haijabadilika.

Kifimbo Cheza
Imebadilika, kwa sababu New England wenyewe walimpita mara sita kabla ya kumchukua. Kama walijua, mbona walisubiri hadi 199? Hiyo ndiyo noti ya barabarani, na nitaisema tena kwa dharau ileile.

Daktari wa Benchi
199 ilikuwa chaguo la fidia, na hapo kuna ufundi ambao hamuutaji.

Mwishoni mwa raundi ya 3 hadi ya 7 ligi inagawa machaguo ya ziada kwa timu zilizopoteza wachezaji waliomaliza mikataba. Fomula inaangalia waliotoka dhidi ya walioingia, na uzito mkubwa uko kwenye wastani wa mshahara wa mwaka wa huo mkataba mpya. Yasizidi manne kwa timu, na 32 kwa ligi nzima. Meneja mjanja anafanya mambo matatu. Anamwacha mchezaji wake wa kati aondoke akalipwe kwingine. Anapotaka mbadala, anasajili aliyetemwa na klabu yake, siyo aliyemaliza mkataba, kwa sababu aliyetemwa haingii kwenye hesabu. Na kama ni lazima asajili aliyemaliza mkataba, anasubiri hadi Jumatatu baada ya drafti, maana kuanzia hapo haihesabiwi tena. Timu nyingi zinaharibu hapa: zinapoteza mtu wa milioni 12 mwezi Machi, zinapaniki, zinanunua mbadala wa milioni 10 wiki hiyohiyo, na chaguo la raundi ya nne limefutika hewani. Baltimore wamelima shamba hili miaka na miaka.

Bi Mkavu
"Wamelima shamba." "Anamwacha akalipwe." Tumetoka kwa ng'ombe tumeingia kwenye mihogo. Watu wako wapi?

Shabiki wa Buza
Dada, lakini vijana wenyewe wanagombania kualikwa. Hakuna anayeburuzwa.

Bi Mkavu
Hana ligi nyingine ya kulipwa vile, na hachagui mji wala mwajiri. Mhasibu akimaliza chuo anapangiwa kampuni moja tu kwa miaka 4? Kugombania mlango mmoja siyo hiari, kaka yangu.

Mjukuu wa Likoni
Hana lazima ya kuchaguliwa. Daniel Adongo wetu wa Kenya alitoka raga moja kwa moja hadi timu ya Colts 2013, bila drafti. Asiyechaguliwa anaongea na timu yoyote aitakayo. Mawakala wengine humwombea mteja wake asichaguliwe raundi ya saba, ili achague mwenyewe kikosi chenye upungufu kwenye nafasi yake.

Kifimbo Cheza
Tukirudi kwenye kushuka, Mzee: Cleveland walikuwa mitume wa dini yako. Mwaka 2016 waliuza namba 2 kwa Philadelphia, 2017 wakauza namba 12 kwa Houston. Wakakusanya machaguo mpaka kabati likajaa. Matokeo ya misimu hiyo miwili: 1-15 na 0-16. Walishinda mchezo mmoja kati ya 32. Shilingi walirusha nyingi.

Mzee wa Raundi ya Tatu
Walirusha vibaya! Kushuka kuna kanuni. Unahesabu majina ambayo ubaoni kwako yana alama moja. Ukiwa na matano, unashuka nafasi nne, basi. Ya tano ikifika lazima mmoja awe amebaki. Cleveland walishuka bila majina, waliangalia pointi. Na kikosi ni watu 53 tu, wa mazoezi 16. Ukichagua vijana 14 utawatema wengine Agosti, na ukimtema timu nyingine inamdaka kabla hujamrudisha. Hapo umewalea wenzako.

Shabiki wa Buza
Kwa hiyo sasa unasema machaguo mengi ni mabaya?

Mzee wa Raundi ya Tatu
Nasema yana kipimo. Usinilishe maneno.

Shabiki wa Buza
Timu ya Rams basi. Baada ya Jared Goff 2016 hawakuchagua raundi ya kwanza mpaka Jared Verse 2024, na katikati wakabeba kombe la msimu wa 2021. Drafti ya nini?

Daktari wa Benchi
Aaron Donald alitoka wapi? Namba 13, 2014. Cooper Kupp? Raundi ya tatu, 2017. Raundi ya kwanza waliuza, raundi ya 3 hadi 7 waliitumia kuliko wengi. Puka Nacua raundi ya tano, 2023. Mnasoma kichwa cha habari tu.

Kifimbo Cheza
Mzee bado hajajibu kuhusu Allen. Zile pointi 410 za ziada Buffalo walizipoteza au hawakuzipoteza? Neno moja tu.

Mzee wa Raundi ya Tatu
Nitajibu ukikubali kwanza kwamba Chicago walipanda nafasi moja, kutoka 3 hadi 2, kwa machaguo matatu ya ziada, wakamchukua Trubisky, na Mahomes alikuwa bado yupo mezani. Huko kupanda kwako ndiko huko.

Kifimbo Cheza
Walipanda sawa, wakamchagua mtu siye.

Mzee wa Raundi ya Tatu
Na Cleveland walishuka sawa, wakachagua watu sio. Tumelingana.

Bi Mkavu
"Mtu." "Watu." Angalau hapo mmefika.