Takribani na karibu: yabadilishane au yatenganishwe?

Mleta mada: Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Anayeandika "karibu watu milioni 62" yuko sahihi. Anayeandika "karibu watu milioni 61" amekosea, maana idadi imeshavuka hapo. Karibu hutazama upande mmoja, chini ya kikomo. Takribani huruhusu juu na chini. Wahariri waache kuyabadilishana.

Mwalimu: Napinga, ndugu. Yote mawili yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu, q-r-b, wenye maana ya ukaribu. Ukisema "tulikuwa karibu watu hamsini" na mlikuwa 52, nani atakuita mwongo?

Mhariri: Mzizi hauamui matumizi, mwalimu. "Alikuwa karibu kufa" maana yake hakufa. Hali hiyo ya kutofika hulifuata neno hadi kwenye tarakimu. Ila kosa linaloniudhi zaidi ni "takribani wanafunzi 1,247". Kama umehesabu hadi mtu wa mwisho, andika 1,247 basi. Ukitaka takribani, kadiria kwanza: 1,250. Kilimanjaro ni mita 5,895, kwa hiyo takribani mita 5,900. Pia kuna kurundika: "takribani watu wapatao 200 hivi" ina makadirio matatu, na moja lingetosha. "Takribani zaidi ya 200" ndiyo mbaya kabisa, kwani neno moja linasema huenda hawajafika 200, lingine linasema wamepita. Na anayechagua -pata akumbuke ngeli: watu wapatao, vitabu vipatavyo, nyumba zipatazo. Takribani halibadiliki, ndiyo maana wengi hulikimbilia.

Mfasiri wa maandishi ya afya: Kuna mahali yote mawili yanapaswa kufutwa. Maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha ni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Ukiandika "takribani nusu kijiko", mama mmoja atajaza kijiko kifurike, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kwenye vipimo vya aina hii, andika kipimo chenyewe.

Msomaji wa Mombasa: Mbona nyote mnaandika takribani? Huku kwetu tumezoea takriban, karibu zaidi na Kiarabu chake.

Mhariri: Kiswahili hupenda silabi iishie na irabu: abadan limekuwa abadani, aslan limekuwa asilani. Mkazo nao husogea, kutoka -kri- kwenda -ba-. Yote mawili yanasomeka. Usiyachanganye tu ndani ya makala moja.

Mwalimu: Kwenye takwimu zilizochapishwa nakubali karibu libaki chini ya kikomo. Kwenye mazungumzo, siwezi kumsahihisha mtu aliyesema karibu hamsini wakafika 52.