Wenzangu tisa wamenitathmini, nimeambulia "aboreshe mawasilano"

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe.

Kazini wametuletea ile tathmini ya nyuzi 360. Hukadiriwi na bosi peke yake. Wenzako wanakukadiria, walio chini yako nao, halafu unajikadiria mwenyewe. Afisa utumishi alisimama kikaoni akaapa: majina hayatajulikana, na lengo ni kukusaidia ukue tu, mambo ya pesa hayamo.

Jana nimepewa ripoti. Wastani 3.1 kati ya 5. Ya nini? Haisemi. Kwenye maoni kuna sentensi moja imejirudia mara tatu: "Aboreshe mawasilano." Hivyohivyo, "i" imeliwa. Yaani mmoja kaandika, wengine wakanakili na kosa lake! Mawasiliano gani sasa? Sijibu barua pepe? Nakatiza watu vikaoni? Nitajieni siku moja tu, jambo moja tu, nitajirekebisha kesho asubuhi.

(Nami si malaika. Fomu ina maswali 48, na niliwaacha watu wangu saba mpaka siku ya mwisho. Wa kwanza nilimwandikia vizuri kabisa. Kufika wa tano naweka 4, 4, 4 mpaka chini niwahi kuondoka.)

Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta kama ni mimi tu. Kumbe mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walikusanya matokeo 607 kuhusu mrejesho, wakakuta zaidi ya theluthi moja utendaji ulishuka badala ya kupanda. Naamini. Leo tangu asubuhi sijagusa kazi, nawachungulia wenzangu nikijiuliza nani haijui "mawasiliano".

Kilichonichoma hasa ni bonasi. Imepunguzwa, na barua inasema "kutokana na matokeo ya tathmini". Si mlisema pesa haimo? Mkishaiingiza, nani atamwandikia mwenzake ukweli? Kati ya walionikadiria wawili tunagombea nao cheo kimoja!

Hata huo usiri ni jina tu. Msimamizi wa idara ya jirani ana watu wawili chini yake, akaletewa "maoni ya walio chini yako". Mmoja sasa hasalimiwi.

Nimeomba kikao na bosi anifafanulie. Kajibu: "Kila kitu kipo kwenye ripoti."

Aliyewahi kukata rufaa kwa jambo kama hili, barua uliianzaje?