Tunakwenda kushinda kutwa kwenye kituo cha watoto yatima, watoto 40: tubebe nini, tufike saa ngapi?

Kikundi_Temeke:
Habari wakuu. Tuko 12, tunataka kushinda Jumamosi kwenye kituo chenye watoto 40, wa miaka 3 hadi 16. Hatutaki kukabidhi mafuta, kupiga picha na kuondoka. Tunataka kufanya nao kazi za siku. Tupangeje?

Ustawi_Kwanza:
Mkuu, anza na msimamizi, wiki mbili kabla, si kwa kubisha hodi getini. Omba kuona leseni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka. Akikuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, usione ni usumbufu. Cha kuogopa ni kituo kinachomfungulia mgeni bweni bila hata kumuuliza jina.

Watu 12 ni wengi mno. Gawanyikeni sita sita, Jumamosi mbili. Fedha ikiwepo, iingie akaunti ya kituo na mpewe risiti, isiende kwenye simu ya mtu.

Jiko_la_Watoto:
Fikeni saa mbili asubuhi, uji ukiwa umeshanyweka. Jumamosi ni siku ya kufua: kuteka maji, kuloweka, kusuuza, kuanika kabla jua halijawa kali. Hapo mikono yenu ina kazi ya kweli. Wakubwa wana zamu zao, msiwanyang'anye. Fanyeni pamoja nao.

Chakula cha mchana kwa watoto 40 na wahudumu: unga kilo 10, maharage makavu kilo 5, mchicha wa kutosha, mafuta lita moja. Maharage yalowekwe tangu usiku, la sivyo yatamaliza gesi na saa nane watoto wana njaa. Msinunue maharage ya zamani kwa sababu ni rahisi, hayaivi. Unga wa kuweka stoo uwe sembe. Dona ina lishe zaidi, lakini kiini chake kina mafuta, huchacha mapema, kwa hiyo leteni ya wiki mbili tu.

Msilete chakula kilichopikwa nyumbani. Kikikaa kwa muda wa saa nne kwenye joto la Dar, watoto wote wanaweza kuharisha usiku mmoja na mhudumu yuko peke yake.

Kikundi_Temeke:
Asante sana. Na nguo je?

Ustawi_Kwanza:
Mitumba imejaa stoo nyingi. Vinavyokosekana ni chupi mpya, taulo za kike, sabuni, madaftari na vyandarua. Chandarua kiwe cha pembe nne. Cha duara hakifungiki kitanda cha chini cha dabodeka. Kila kitu akabidhiwe matroni. Ukimpa mtoto mmoja mkononi, ugomvi unabaki bwenini mkishaondoka.

Mlezi_Mkongwe:
Naongeza la watoto wenyewe, ndilo linaloniuma. Msimuulize mtoto wazazi wake wako wapi. Wengi wana mzazi au ndugu aliye hai, na swali hilo wameshalijibu mara nyingi mno mbele ya wageni. Muulizeni mchezo anaoupenda.

Wa miaka 3 au 4 atakung'ang'ania dakika ya kwanza. Huo si upendo uliokomaa, ni ukosefu wa mtu wa kudumu. Usimbebe kutwa nzima. Kaa naye chini, mchezee, mhudumu awe karibu. Msiahidi kurudi kama tarehe haijapangwa na msimamizi.

Picha: pigeni nguo kwenye kamba, sufuria, mikono. Sura za watoto hapana. Na waageni saa tisa, kabla ya kuoga, si wakati wa kulala.