Maji ya oasisi za Sahara hutoka wapi, na kwa nini mashamba ya jangwani hugeuka chumvi?

Mwalimu_Umoja (Nairobi)

Hamjambo walimu na wataalamu. Naandaa mada ya majangwa kwa Kidato cha Tatu, na vitabu vilivyopo vinaishia kwenye ngamia na mchanga. Sababu ya ukame wa Sahara iko wazi: hewa iliyopanda Ikweta hushuka karibu na latitudo 30, hupata joto inaposhuka, na mawingu hayapati nafasi. Nahitaji msaada hapa:

Aswan, kusini mwa Misri, mvua ya mwaka mzima haifiki kimo cha kifuniko cha soda. Basi oasisi, yaani sehemu zenye maji na mimea katikati ya jangwa, hupata wapi maji? Na kama yako chini ya ardhi kwa wingi, kwa nini wasichimbe visima walime jangwa lote? Wanafunzi watauliza hilo la pili, nina hakika. Pia natafuta jaribio lisilohitaji maabara. Darasa lina wanafunzi 58.

Kisima_Kirefu

Mwalimu, anza kwa kuwaondolea picha ya mchanga. Robo tu ya Sahara, au karibu na hapo, ndiyo iliyofunikwa na mchanga. Sehemu kubwa ni uwanda wa mawe matupu, uitwao hamada, na tambarare za changarawe, ziitwazo reg. Katikati kuna milima hasa: Emi Koussi kule Chad ina mita 3,415. Ukianzia hapo, swali la maji linaeleweka, kwa sababu maji hufuata mwamba.

Kuna maji ya aina tatu, na kila moja ina watu wake.

Ya kwanza ni mto unaotoka kwingine. Nile haipati chochote cha maana kutoka jangwani. Maji yake ni ya nyanda za juu za Ethiopia na ya maziwa yetu huku. Ndiyo maana Wamisri karibu 95 kwa kila 100 wanaishi kwenye takriban asilimia 5 ya ardhi yao. Mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan ulihesabu mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka: 55.5 za Misri, 18.5 za Sudan, na bilioni 10 zilizobaki zikahesabiwa kuwa zitapotea kwa mvuke na kuvuja kwenye ziwa la bwawa la Aswan. Waandikie darasani hesabu hiyo. Takriban sehemu moja kwa nane imekwisha kabla hata ya mkulima kufungua mfereji.

Ya pili ni maji ya milimani. Mvua na theluji ya milima ya Atlas huzama kwenye changarawe za mabonde makavu na kusafiri chini kwa chini hadi ukingo wa jangwa.

Ya tatu ndiyo inayowashangaza watu: maji ya kale. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita Sahara ilikuwa na mbuga na maziwa. Michoro ya miambani ya Tassili n'Ajjer, Algeria, inaonyesha makundi ya ng'ombe. Mvua ya enzi hizo, na za kabla yake, ilizama kwenye mwamba wa mchanga ulio chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad. Bado imo humo, ila leo haiongezwi kwa kiasi cha maana. Libya ilianza mwaka 1984 kujenga mabomba ya zege yenye kipenyo cha mita 4 ili kuyapeleka pwani kutoka kusini. Kuyavuta maji hayo ni kula akiba bila kipato.

Kuhusu oasisi yenyewe: upepo huchimba bonde, ukibeba chembe kavu, hadi ukutane na unyevu. Hapo chembe zinashikana na kazi ya upepo inakoma. Ndiyo sababu Siwa, oasisi ya Misri, iko chini ya usawa wa bahari. Bonde la Qattara, jirani yake, limeshuka hadi mita 133 chini ya usawa huo, lakini maji yake ni ya chumvi, hakuna anayelima.

Fundi_wa_Mitaro

Naongeza kuhusu namna maji yanavyotolewa, maana hapo ndipo jiografia ya watu ilipo.

Kule Touat na Gourara, kusini-magharibi mwa Algeria, kuna foggara, yaani handaki la kuleta maji shambani. Irani huiita qanat. Oman huita mifereji yao falaj, na mingine hujengwa vivyo hivyo. Unachimba kisima mama mahali palipoinuka hadi ukute maji. Kisha kutoka chini, kule shamba liliko, unachimba handaki kuelekea kisima hicho kwa mteremko mdogo sana, kama mita 1 kwa kila mita 1,000. Maji hutiririka yenyewe, bila pampu wala mnyama. Juu ya handaki kuna mashimo wima kila baada ya mita 10 hadi 20: hapo ndipo udongo hutolewa na hewa huingia. Ukiyatazama kutoka angani yanafanana na msururu wa vichuguu.

Mteremko ndio unaowashinda wengi. Ukizidi, maji hula sakafu na handaki huporomoka. Ukipungua, mchanga hutuama na kuziba. Kwa hiyo lazima lisafishwe mara kwa mara, na kazi hiyo ni ngumu na ya hatari. Waambie wanafunzi ukweli: sehemu kubwa ya uchimbaji wa zamani ilifanywa na watumwa na vizazi vyao. Nguvu kazi hiyo ilipoondoka, foggara nyingi zilikufa.

Maji yakitoka hupita kwenye kizuizi cha jiwe chenye matundu kama meno ya kitana, kinaitwa kasria. Upana wa tundu ni haki ya familia. Haki hiyo hurithiwa, huuzwa, hukodishwa. Shamba bila tundu ni mchanga tu.

Kisha kivuli. Mtende juu, komamanga na mtini katikati, mboga na majani ya mifugo chini. Ukikata mitende, mboga huungua hata ukimwagilia mara mbili. Na mitende kuna ya kiume na ya kike: mkulima hupanda juu kila msimu na kufunga vishada vya maua ya kiume ndani ya yale ya kike. Asipofanya hivyo, mavuno huwa haba na tende hazina mbegu wala nyama. Tende za Eastleigh za mwezi wa Ramadhani zimepitia mikono hiyo.

Kinachoua foggara siku hizi ni pampu. Kisima cha mashine kikishusha usawa wa maji chini ya sakafu ya handaki, hata kwa mita moja, handaki zima limekauka.

Udongo_na_Chumvi

Sasa lile swali la kulima jangwa lote. Fanyeni hesabu pamoja ubaoni. Maji mazuri ya kisima cha jangwani yana chumvi gramu 1 kwa lita. Hekta moja ikipewa mita za ujazo 10,000 kwa mwaka, imepewa tani 10 za chumvi. Maji huondoka kwa mvuke, chumvi hubaki. Dawa ni kumwagilia zaidi ya mahitaji ya mmea ili chumvi isukumwe chini, na kuchimba mitaro ya kuiondoa. Bila mitaro, maji hayo ya ziada hupandisha usawa wa maji hadi karibu na mizizi, yakavutwa juu na jua, na hali ikawa mbaya zaidi.

Mfano mzuri ni El Oued, Algeria. Wakulima walichimba mashimo makubwa mchangani, wakapanda mitende chini yake ili mizizi ifike majini yenyewe, bila umwagiliaji. Baadaye visima virefu vilileta maji mengi mjini, na majitaka yakazama palepale. Usawa wa maji ukapanda, na mitende ikazama ndani ya mashimo yake. Jangwani, maji mengi mahali pasipo na njia ya kutokea ni hasara.

Jaribio: trei mbili za plastiki, sm 20 kwa 30, zenye kina cha sm 5. Toboa ya pili matundu 10 kwa msumari wa moto, uiweke juu ya beseni. Jaza udongo wa kina cha sm 3, nusu mwekundu nusu mchanga. Usitumie udongo mweusi wa Eastlands: hufumba matundu na trei zote mbili zitafanana. Maji: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa lita 3. Kila asubuhi mililita 150 kwa kila trei, dirishani penye jua, kwa wiki 3. Trei yenye matundu ipate nusu lita zaidi kila siku ya tatu. Kisha panda maharagwe 10 kila trei. Ya trei isiyo na matundu yatachelewa au yatakataa kuota, na utaona ukoko mweupe. Chemsha maji ya beseni hadi yakauke: chumvi iliyotoka itaonekana chini ya sufuria. Usifanye Julai, jua la Nairobi ni hafifu, udongo hubaki matope.

Mwalimu_Umoja (Nairobi)

Asanteni sana. Swali moja: jangwa letu la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, nalo ni hivyohivyo?

Kisima_Kirefu

Chumvi yake ndiyo, sababu ya ukame siyo. Chalbi iko karibu na latitudo 3, mbali na ukanda ule wa 30. Huko pepo za kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, zikaongeza kasi na kupita na unyevu wao bila kupanda. Chalbi yenyewe ni sakafu ya ziwa la kale lisilo na mto wa kutokea: maji yakiingia huondoka kwa mvuke tu. Chemchemi za Kalacha na North Horr ziko kwenye ukingo wake, na ndiko Wagabra wanakonywesha ngamia. Wachoree ramani mbili ubavuni kwa ubavu, Siwa na Kalacha, kisha waulize kwa nini Kalacha iko ukingoni mwa bonde, si katikati.