Kotmiri yenye ladha ya sabuni: naomba ushauri

Wakuu, naombeni ushauri. Kuna walaji ambao kwao kotmiri mbichi ni sabuni tupu, na wala hawadeki: majani yake yana aldehaidi, kemikali zinazopatikana pia kwenye sabuni, na wapo waliozaliwa na pua inayozinasa kwa ukali zaidi. Kuitwanga kwenye kinu na kuiacha kwa muda husaidia, maana vimeng'enya vya jani lililopondwa huzivunja aldehaidi hizo. Shida ni kachumbari: kotmiri iliyotwangwa hutoa maji, hugeuka nyeusi na kuchafua nyanya. Mbegu kavu hazina usabuni huo, lakini haziwezi kushika nafasi ya jani. Kwa nyanya 4 na kitunguu 1, kotmiri mnaikata vipi? Na ndimu iingie kabla au baada yake?