Mtu mzima anafungua chupa yangu, ananusa, halafu anauliza kama ni ya nguvu za kiume!

Wakuu salama? Mimi si salama. Naandika nimesimama kwenye daladala, foleni ya Ubungo haisogei, mkono mmoja bomba mwingine simu. Herufi zikiruka mnivumilie.

Yule jamaa wa maabara. Sitaji jina, waliopita pale chuoni wanamjua: funguo nyingi kuliko mlinzi wa jela, miwani inakaa kwenye paji la uso siku zote. Huyo huyo.

Miezi minne nalowa kwenye vijito vya Pugu nikiokota majani yaliyooza, mbu wa kule wananiita kwa jina. Kwa wasiojua: jani likidondoka mtoni, fangasi wa majini wanalilainisha, ndipo wadudu wanapata cha kutafuna. Sasa fangasi huwezi kumweka kwenye mizani, kajichimbia ndani ya jani kama ukoko kwenye sufuria. Unachopima ni ergosteroli, mafuta ya kwenye utando wa seli zake. Unalowesha jani kwenye methanoli, unachemsha na hidroksidi ya potasiamu, mashine inaisoma kwa mwanga wa nanomita 282. Wengi tunahesabu miligramu 5.5 kwa kila gramu ya fangasi mkavu, uzito unapatikana. Ila chupa zikae GIZANI. Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye kila moja: MWANGA UNAHARIBU.

Leo nafika, friji imejaa soda za kumuaga mtu. Chupa zangu 36 ziko dirishani, foili zimevuliwa, zinaota jua la saa saba kama dagaa wa Feri. Kabla sijamaliza kuuliza, anachukua moja, mbele ya watoto wa mwaka wa kwanza, anafungua, ANANUSA: "Kijana, hii mitishamba ni ya nguvu za kiume?"

Ya nguvu za kiume, wakuu. Kuna binti alicheka mpaka akakaa chini. Na alinusa mara mbili!

Mzee_wa_Kimara: Swali halijajibiwa. Ni ya nguvu za kiume au siyo?

bitiSaidi: 😂😂 Methanoli si ndiyo ile inapofusha watu kwenye gongo? Mwulizeni kama bado anaona.

Ukungu36 (mwenye uzi): Kunusa tu hakupofushi mtu, bahati mbaya. Bado anaona, ndiyo maana alinionyesha soda.

Mkemia_Mstaafu: Dogo, ergosteroli ikipigwa na jua inageuka vitamini D2. Hujapoteza kitu, una chupa 36 za vitamini. Fungua duka Kariakoo.

Ukungu36: Mzee wangu shikamoo, ila hapo umenichoma.

kaka_wa_tatu: Si ungepima kitini tu, ile ya kwenye kuta za seli za fangasi? Hakiogopi jua.

Ukungu36: Kitini kipo hadi kwenye maganda ya wadudu na kamba. Majani yangu yamejaa wadudu, ningepima mchuzi. Turudi kwenye mada: ALINUSA.

Mama_Jungu: Miezi minne unapima ukungu? Mimi maandazi yakilala siku mbili naupata bure.

Mpangaji_Sinza: Afadhali wewe unaufuata Pugu. Mimi ninao ukutani, mwenye nyumba kaja jana kanipa rangi nipake mwenyewe halafu kodi kaongeza.

bitiSaidi: Wenye nyumba wa Sinza tuanzishe uzi wao. Wangu anahesabu wageni wangu wakienda chooni.

Mpangaji_Sinza: Wangu kakata maji, anasema natumia ya ndoo mbili.

Ukungu36: Jamani. Mbele ya mwaka wa kwanza.

Mama_Jungu: Mkuu, hizo soda zilipoa lakini?

Mzee_wa_Kimara: @Mpangaji_Sinza njoo PM. Nina chumba masta huku Kimara, hakina ukungu, maji yapo, miezi sita kwa mkupuo.

Mpangaji_Sinza: Miezi sita? Mitatu hupokei, mzee wangu?