Naomba ushauri: amplifaya ya spika za omu 4

Wakuu, niko Kampala. Spika ni za omu 4 (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme), sauti yake desibeli 86 kwa wati 1 umbali wa mita 1. Sebule mita 4 kwa 5. Nataka wati 80 halisi kila upande. Zile za "wati 5000 PMPO" (namba ya kilele ya matangazo, si nguvu halisi) sitaki kuzisikia: fyuzi ya ampea 2 kwenye volti 240 haivuki wati 480, na zinazopotea kuwa joto zimo humo humo.

Nimeona mbili za mtumba. Moja ni ya volti 120, itadai transfoma ya kushusha umeme. Nyingine ni ya volti 240, ila nyuma imeandikwa "omu 8 kwenda juu". Nikiifungia omu 4 mkondo karibu unakuwa maradufu, transista zinachemka, kinga ya amplifaya inaizima sauti ikipanda. Jioni umeme hushuka hadi volti 190. Nichukue ipi, na stabilaiza (ya kutuliza volti) ya VA ngapi, yaani volti mara ampea?